Pijo ya Marehemu Baba

Magogoni, Kisauni,
Mombasa.
9 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Shaza,

Assalaam alaykum warahmatullah. Wajionaje na hali? Bwana wako hajambo, na watoto je? Na lile jicho ulilofanyiwa operesheni, laona vyema au bado laona ukungu? Niambie kweli, maana Mama ataniuliza, na mimi kumdanganya mamako sijapata kuweza.

Huku kwetu twamshukuru Mola. Goti la Mama humsumbua kukiwa na mawingu, lakini ulimi wake ni mzima kabisa, kama utakavyoona huko mbele. Mimi ni mzima. Kakako Hadi presha yake ilipanda ikashuka, na kupanda kwake na kushuka kwake ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini karatasi, na simu sote tunazo. Wifi, kundi la familia Hadi yumo, na simu yangu ndiyo anayotazamia video za magari ya kale kuanzia alfajiri. Ihsan mpwa wangu yuaja Maskati Ijumaa, nami nimempa bahasha hii ndani ya mfuko wa bizari. Ikinuka bizari, nisamehe.

Habari yenyewe ni ya Pijo ya marehemu Baba, ile gari yake ya 404 nyeupe. Wajua tangu Baba afariki ilikuwa imekaa bandani, kuku wataga kiti cha nyuma. Basi Hadi alipostaafu mwaka jana alisema ataifufua. Nikafurahi, nikidhani mume wangu amepata shughuli. Kumbe nimejiletea mke mwenza mwenye taa mbili mbele.

Alijiunga na chama cha wapenzi wa magari ya kale. Wenyewe wamegawanyika makundi mawili, na hawapendani. Wako wa asili, ambao gari yao haina ruhusa ya kuwa na hata skrubu moja ambayo haikutoka nayo kiwandani. Na wako wale wanaokata paa, wanaoshusha gari hadi tumbo likaribie lami, wanaotia injini kubwa za magari mengine. Hadi huwaita wachinjaji. Wao nao huwaita wa asili walinzi wa makaburi. Kakako ni mlinzi wa makaburi namba moja.

Siku moja nilirudi sokoni na nguru mmoja, nikaomba anipeleke nyumbani. Alinitandikia magazeti kitini, akafungua vioo vinne, na samaki akamtundika nje ya dirisha, amshikilia kwa mkono wa kulia na usukani kwa wa kushoto. Watu wa Magogoni waliona. Tangu siku hiyo nikienda sokoni naulizwa kama samaki wangu amepanda au atembea.

Sasa, wamkumbuka Kioko? Yule Mkamba wa Changamwe, fundi wa mitambo kiwandani, rafiki wa Hadi tangu hawajaota mvi. Yeye yuko upande wa wachinjaji. Ana Ford Anglia nyekundu, ndogo kama sanduku, aliyoitia injini ya Toyota na magurudumu ya nyuma mapana kuliko kitanda cha mtoto. Ikiwashwa, vikombe vyangu hutembea kabatini. Pamoja na hayo, ni Kioko huyo huyo aliyekuwa akija kila Jumamosi kumsaidia Hadi kuifufua Pijo, bila kudai chochote ila chai na mahamri.

Mwezi wa saba, wakiwa wameinamia injini, Kioko alisema neno. Alisema, "Mzee, hii injini imechoka. Iko nyingine ya Toyota kule kwa rafiki yangu. Tuitie, hii gari itapaa."

Hadi alifunga boneti polepole kama mtu afunikaye maiti. "Kioko," akasema, "ukitoa injini hii umemtoa baba yangu moyo."

Kioko akacheka. Pale ndipo alipokosea. Hadi akamwambia, "Ile yako si gari. Ile ni mwana asiye na baba."

Wifi, maneno hayasafishiki kwa petroli. Kioko alikusanya spana zake moja moja, akazifuta, akaniaga mimi kwa heshima, akaenda. Wiki sita hawakusemezana. Mimi na mkewe Nduku tukawa kama wapenzi waliokatazwa, twapigiana simu kwa siri, mimi nikiwa jikoni nimefungulia maji. Hadi naye Jumamosi alikuwa akimenya karanga barazani huku akitazama njia, na ukimuuliza amngoja nani husema hamngoji mtu.

Ikaja Jumapili ya tarehe thelathini na moja, siku ya maonyesho. Yalifanyika uwanja wa shule huko Port Reitz, ndege zatua juu ya vichwa vyetu. Hadi alivaa kanzu mpya. Mama alisema na yeye yuaenda, tukamkalisha kiti cha mbele cha Pijo, mlango wazi, upepo aupata. Upande wa pili wa uwanja alikuwa Kioko na Anglia yake, Nduku kavaa miwani ya jua ili asionekane akinikonyeza.

Walipompa Hadi kipaza sauti aeleze gari yake, alieleza. Alianza na mwaka wa 1967 Baba alipoinunua, akaja kwenye taa, akaja kwenye vitasa, akamaliza kwa kuapa kwamba gari hii, kuanzia bampa hadi bampa, haijaguswa na mkono wa mchinjaji. Akatazama upande wa Anglia. Watu wakapiga makofi.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja Mmeru, jina lake Jerioth. Zamani alikuwa akikagua magari serikalini, amestaafu lakini tochi hajastaafisha. Aliinama ndani ya boneti muda mrefu hata nikadhani amelala. Akainuka, akafuta mikono.

"Mzee Hadi," alisema, "gari yako nzuri sana. Lakini hii injini si yake. Hii ni ya 504. Zinafanana, ndiyo maana hukujua. Hii ni kubwa kuliko ile yake."

Nakwambia hata ndege zilinyamaza. Hadi alitazama injini, akamtazama Jerioth, kisha uso wake ukageuka, na mimi nikajua ugeukako. Mwenye ufunguo wa banda letu, ukimtoa Hadi, alikuwa mtu mmoja tu.

"Kioko!" alipaza sauti, na kipaza sauti bado amekishika. "Injini ya baba yangu uliipeleka wapi?"

Uwanja mzima ulisikia. Kioko alisimama akajishika kifua. "Mimi?" alisema. "Mimi, Mzee?" Nduku alivua miwani, na macho yake yalikuwa tayari yana maji. Vijana wa wachinjaji walianza kusogea upande wetu, wa asili nao wakasogea, nami nikaanza kusoma Ayatul Kursi.

Ndipo ilipotoka sauti ndani ya Pijo. "Hadi!"

"Labeka, Mama."

"Mwache mwana wa watu. Injini aliibadilisha babako."

Hadi alisema Mama amechanganyikiwa na jua. Mama akamwambia jua amelizoea kabla hajamzaa yeye. Kisha akasimulia pale pale, mkono kaulaza dashibodi, na Jerioth, Mungu amjaze kheri, akamsogezea kipaza sauti.

Shaza, wewe umo katika hadithi hii. Mama alikuwa na mimba yako ya miezi sita. Yeye na Baba walikuwa njiani kwenda Mtwapa, wakapitwa na Fiat. Ndani ya Fiat mlikuwa na mwanamke, akamtazama Mama, akacheka. "Nikamwambia babako," akasema Mama, "mimi kupitwa tena, sipitwi. Ama ubadilishe injini, ama ubadilishe mke." Baba akaipeleka Pijo kwa fundi mmoja wa Likoni, kusudi watu wa Kisauni wasijue. Ikatiwa injini ya 504. Wakaapa kutomwambia mtu, kwa sababu nyanya yenu angesikia kuwa mkwewe, na tumbo lake, ndiye aliyetaka mbio, angemrudisha kwao na sanduku lake.

"Kutoka hapo," Mama akaendelea, "kila Ijumaa baada ya sala twatoka."

Hadi akasema kwa sauti ndogo, "Kila Ijumaa mlikuwa mkienda kumzuru mgonjwa Mtwapa."

"Mgonjwa gani? Miaka minne mtu hafi wala haponi, na nyinyi hamkushangaa?"

Wifi, watu walicheka hata wengine wakakaa chini. Mlinzi mmoja wa makaburi, mzee wa heshima zake, alilia kwa kicheko akajifutia kofia. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipomwona Kioko. Yeye hakucheka. Alimshika Nduku mkono, wakaingia Anglia, wakaenda zao. Mngurumo ule ukapungua, ukapungua, Hadi amesimama autazama.

Jumatatu jioni tulikwenda Changamwe, mimi na yeye, tumebeba halua. Kioko alitukaribisha, akatuketisha. Hadi akamwambia, "Ndugu yangu, nimekosa. Nimekukosea mbele ya watu na mbele ya mkeo."

Kioko aliiweka ile halua mezani. "Mzee, kuniita mchinjaji, sawa, nacheka," akasema. "Kuisema gari yangu, nikaenda nyumbani nikalala. Lakini mwizi? Huo ufunguo ulinipa wewe. Miaka thelathini, Mzee."

Kakako alilia. Miaka yote ya ndoa yetu nimemwona akilia mara mbili, na ya kwanza ni siku ya mazishi ya Baba. Kioko naye akaanza kupenga kamasi. Wakakaa wazee wawili wanalia pande mbili za meza, halua katikati, mpaka Nduku akatoka jikoni na birika. "Chai mtakunywa ama niwaletee taulo?"

Kioko alisamehe, lakini alitoa sharti: Hadi apande Anglia mpaka Mwakirunge na kurudi. Jumamosi akaja kumchukua. Njia ile ya machimbo waijua, mashimo na vumbi la malori ya mawe. Walirudi adhuhuri. Hadi hana kofia, nyusi nyeupe kama za nabii, na mdomo aufunga kwa nguvu asije akaonekana anatabasamu. Nilipomuuliza kofia iko wapi, alisema hajui, ila iliondoka mahali karibu na jaa.

Cheti pia tulipata. Jerioth aliihamisha Pijo kwenye kundi la wachinjaji, ikatoka ya tatu. Hadi alikificha kabatini, Mama akakitoa akakitundika sebuleni.

Lakini lililonifanya nikuandikie hasa si hilo. Wiki iliyopita, alasiri moja, nilimkuta Hadi ndani ya Pijo, peke yake, mikono magotini. Nikadhani ni presha. Nikaingia nikakaa kando yake. Akaniambia, "Khairiya, mimi Baba nilimjua akisoma gazeti. Nilimjua akitununia tukichelewa chuo cha Kurani. Kumbe alikuwa na mambo yake, alikuwa akicheka barabarani na mkewe. Mwaka mzima nasugua gari ya mtu nisiyemjua."

Nikamshika mkono. Kisha akashuka, akaenda chumbani kwa Mama, akamleta pole pole mpaka kiti cha mbele. "Mama," akamwambia, "na mengine je?"

Sasa imekuwa ada. Kila alasiri wako mle garini, milango wazi, Mama yuasimulia na Hadi yuacheka, na mengine sithubutu kuyaandika kwa karatasi itakayopita mkononi mwa Ihsan. Basi wifi, usingoje likizo. Mpigie mamako simu mwenyewe, umuulize. Yuko na yuakumbuka, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nisalimie sana bwana wako na watoto wote. Mama akubusu jicho zima na lile bovu. Hadi angekusalimu lau angejua naandika. Nduku na Kioko wakusalimu pia. Mola akuponye, akuhifadhi ugenini, na atukutanishe tukiwa wazima na Mama tunaye.

Wifi yako akupendaye kuliko Hadi aipendavyo Pijo,

Khairiya