Kobia Hakujilaza, Alilala

Githongo, Meru
Tarehe 28 Juni 2025

Mpendwa kaka Mutwiri,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Tunaomba baridi ya Edmonton iwe imekuachia masikio yote mawili. Sisi hatujambo, ila goti la mama linamuuma kila mvua ikikaribia, na sasa majirani huja kumuuliza kabla ya kuanika mahindi. Nyanya Ntinyari ametimiza miaka themanini na minane na bado anachuma kahawa, akitukemea kwamba tunachuma kama wageni.

Kuna jambo limetokea ambalo siwezi kukueleza kwa simu bila kucheka, ndiyo maana nimenunua karatasi.

Barabara yetu ilipotiwa lami, iliundwa kamati ya historia. Mwenyekiti ni Mwalimu Kinyua, yule aliyekufundisha darasa la sita. Kazi yao ni kusimamisha jiwe lenye maandishi kando ya barabara, kila mahali palipotokea jambo la kukumbukwa. Wakachagua ile kona iliyo chini ya kiwanda cha kahawa, mahali ambapo marehemu Babu Kobia alijilaza mbele ya lori la mkoloni mwaka wa 1955.

Hadithi yenyewe tulilishwa kila Krismasi pamoja na nyama. Karani alikuja na lori kuchukua mbuzi wa faini. Babu akajilaza barabarani, akasema watapita juu ya mwili wake. Wakaogopa, wakaacha mbuzi wote, wakaenda zao.

Anko Mwongera ndiye aliyefurahi kutushinda sote. Unajua anatafuta kiti cha wadi uchaguzi ujao. Alishona suti mpya, akachapisha fulana zenye maneno DAMU YA KOBIA HAILALI.

Siku ya kufunua jiwe watu walijaa hadi kwenye mashamba. Anko alihutubia dakika arobaini. Kisha Mwalimu Kinyua akavuta kitambaa na kusoma kwa sauti ya msibani: HAPA NDIPO KOBIA ALIPOLAZA MWILI WAKE ILI WATU WAKE WASIMAME. Makofi, vigelegele. Nyanya akapewa kipaza sauti aseme neno moja tu la shukrani.

“Mwalimu, soma tena,” Nyanya akasema. Akasoma.

“Hakujilaza. Alilala.”

“Nyanya, si ni kitu kimoja?” Mwalimu akauliza.

“Si kitu kimoja. Alikuwa amelewa.”

Kaka, kipaza sauti kilifikisha neno hilo hadi mashambani. Anko aliruka akasema, “Mama amechoka, jua ni kali.” Nyanya akatazama juu, ukungu ulikuwa umetufunika tangu asubuhi, akamuuliza, “Jua liko wapi, Mwongera?”

Basi akaeleza. Babu alikuwa ametoka kwenye sherehe ya mahari ya mwenzake wa rika, ameshiba uki, ile pombe ya asali. Akaanguka pale konani. Lori likaja, likapiga honi, yeye hana habari. Nyanya, bibi arusi wa miezi mitatu, alifika akimtafuta, na karani akamwamuru amwondoe mlevi wake njiani.

“Nikamvuta mguu, akakoroma,” Nyanya alisema. “Nikainua macho, nikaona mbuzi wangu mwenye pembe moja yumo ndani ya lori. Nikauachilia ule mguu, nikapiga nduru. Mmemuua! Mmemuua mume wangu!”

Wanawake wakatoka mashambani na majembe, wakazingira lori. Dereva akaapa hajamgusa. Karani, jasho likimtiririka, akafungua nyuma ya lori na kuwaachilia mbuzi ili kuwatuliza, kisha wakarudi kinyumenyume hadi mtoni.

“Na muda huo wote maiti ilikuwa inakoroma,” Nyanya akamalizia. “Ilibidi nimlalie kifuani nikilia kwa sauti kubwa, wasisikie.”

Watu walicheka hadi mama mmoja wa kwaya akaanguka na kiti chake. Mimi sikujua nicheke au nijifiche.

Anko alitususia wiki mbili, hakuja hata kunywa chai. Kamati nayo ilikutana mara tatu, maana jiwe likishachongwa halifutiki. Mwishowe fundi akaongeza mstari chini, kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha: NTINYARI MKEWE AKAPIGA NDURU. Kisha Anko akaenda sokoni Gakoromone, na akina mama wa ndizi wakamshangilia, “Mwana wa Ntinyari! Kura zetu ni zako!” Alirudi na mkate na tabasamu. Nasikia fulana nyingine zinachapishwa.

Juzi tukichambua kahawa, nilimuuliza Nyanya kwa nini alinyamaza miaka sabini. Hakuacha kuchambua.

“Babu yako aliamka akakuta wanawake wanaimba jina lake,” akasema. “Akaniuliza amefanya nini. Nikamwambia, umesimamisha lori. Wenzangu wakanitazama, wakaelewa, wakaendelea kuimba. Tangu siku hiyo hakuonja pombe. Alisema mtu aliyesimamisha lori hawezi kuonekana akiyumbayumba njiani. Ningemwambia ukweli, ningebaki na mlevi.”

“Na sasa?”

“Sasa yuko mahali wasipopika uki.”

Mama, Anko Mwongera na shangazi Gatakaa wanakusalimu sana. Nisalimie shemeji Tabby na watoto, uwaambie majina yao tunayataja kila jioni kwenye maombi. Mungu akulinde kazini na barabarani, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako, mwenye hamu na upendo mwingi kwako,

Phyllis