Niliposema kwa Niaba ya Mzee Etyang

Alhamisi, Agosti 1966. Amukura.

Kumekucha na ukungu, na hata sasa, saa kumi alasiri, haujaondoka wote. Vilima viko kama vitu nilivyoviota. Nimerudi kutoka kortini Busia kwa baiskeli. Miguu imechoka, lakini kichwa kinaelea tu, hakitaki kutua.

Leo nimesema kwa niaba ya mtu mwingine.

Mwezi uliopita hakimu aliniita. Mzee Etyang wa Malaba, aliyekagua reli tangu ujana wake, ameanza kusahau. Hutoka nyumbani asubuhi, akafuata reli, akapatikana Uganda akiwa hajui amefikaje. Ndugu yake mdogo, Ikileng, aliiomba korti impe usimamizi wa mzee pamoja na shamba lake. Akisa, binti wa mzee, aliyeachika akarudi kwa baba, akapinga. Hakimu akataka mtu asiye wa ukoo amwendee mzee, amsikilize, kisha aje aseme kwa ajili yake. Akanichagua mimi, mwalimu wa shule ya msingi, kwa kuwa najua Kiteso na sina undugu nao.

Nikiri hapa, kwa kuwa kwingine siwezi. Kabla sijamwona mzee nilikuwa nimekwisha andika maelezo yangu. Niliandika kwamba Ikileng ana nyumba ya mabati yenye mlango wa kufuli, na kwamba humo mzee atakuwa salama.

Nilijiona mwenye huruma.

Jumatatu nilimwendea. Aliniita kwa jina la mtu nisiyemjua, kisha akainuka tutembee. Akisa akatufuata nyuma, kikapu cha wimbi kichwani. Tulishika njia ya kando ya reli. Ukungu ulikuwa mzito. Vyuma viliingia ndani yake vikapotea. Mzee akawa anavigonga kwa fimbo, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, kana kwamba vimemjibu. Nilisahau nilichotumwa. Ilikuwa kama kutembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na usingizi wenyewe ni mtamu.

Ndipo nikamwuliza swali ambalo hakuna aliyemwuliza: anataka kukaa na nani?

Akasimama.

"Mwalimu, mimi napotea, hiyo ni kweli," akasema. "Lakini napotea nikitembea. Wakinifungia ndani, nitapotea nikiwa nimekaa. Huyu msichana hanizuii. Ananifuata tu."

Tulipofika nyumbani alikuwa ameshasahau mimi ni nani.

Leo hakimu aliponiuliza ninaonaje, karatasi yangu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Nilisema kwamba mzee anasahau, na kwamba reli ni hatari, sikuficha neno. Kisha nikarudia maneno yake, kwa Kiteso kwanza, halafu kwa Kiswahili. Akisa akajifunika uso kwa leso.

Hakimu amempa Akisa usimamizi. Mzee atembee apendavyo, ila asiachwe peke yake. Shamba lisiuzwe.

Niliondoka nikiwa mwepesi kama unyoya. Nje, Ikileng akanishika mkono. Nilidhani atanitukana, lakini alinivuta kando, mbali na watu.

"Watu wanasema nataka shamba," akaniambia. "Mwalimu, mimi ndiye niliyemvuta kutoka relini mara mbili, treni ikipiga honi. Mara ya tatu nani atakuwa karibu?"

Nikapanda baiskeli. Swali lake limenifuata hadi hapa.

Nilikwenda kwa mzee nikamsikiliza. Kwa Ikileng sikwenda hata mara moja, ingawa ndiye niliyekuwa nimemwandikia ushindi. Sikujua kwamba chini ya ile kufuli kulikuwa na hofu.

Jumamosi nitakwenda Malaba. Nitampitia Ikileng kwanza, nimwombe tumfuate mzee pamoja, yeye, Akisa na mimi. Sijui kama atakubali.

Safari hii hakuna aliyenituma.