Maji Mbele ya Kisiwa

Jumamosi, Agosti 1955

Kisiwa kiko karibu kuliko nilivyodhani. Ningekuwa na sauti kubwa ningemwita baba akasikia.

Bibi Mwalimu wa shuleni kwetu alinileta pwani nimlelee watoto likizoni, na Chui, mbwa wa baba ambaye Bibi amekuwa akimtunza tangu baba alipokamatwa, akaja nasi. Leo asubuhi nilimpeleka Chui ufukweni. Alikuwa na kiu, nami nikafanya kama tunavyofanya kwetu Githongo tukifika mtoni: nikamwacha anywe kwanza. Alikunywa sana, kisha akatapika miguuni pangu.

Askari wa zamu alicheka akashika mbavu. "Wewe binti wa bara! Hiyo ni chumvi tupu, hata punda hanywi!"

Nilimwambia baba yangu amefungwa kule kambini kisiwani. Akaacha kucheka.

"Pole, dada. Wageni hawavushwi."

"Na wafungwa wanakunywa nini?"

"Wanapelekewa maji kwa mapipa." Akatazama pembeni. "Mashua ikichelewa, wanangoja."

Leo mashua haikuvuka. Nilikaa na Chui mpaka jioni nikitazama ng'ambo.

Kijiji chetu kimezungushiwa na serikali ua wa miti iliyochongwa, na mama huruhusiwa kwenda mtoni mara moja tu kwa siku. Aliposikia baba amepelekwa baharini alimshukuru Mungu kwamba angalau mmoja wetu hatakosa maji. Nikirudi ataniuliza kama ni mengi. Nitamwambia ni mengi, mama, mengi sana, hayana mwisho.

Baba akirudi, atamweleza mwenyewe yaliyobaki.