Wa Nyuma Akigonga

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imefika, na picha zako nazo zimefika, hata ile uliyosimama na wakubwa wa kampuni yenu ya utalii mbele ya ramani ya njia mpya. Nakusalimu wewe, namsalimu wifi yangu, na wanangu hao ninaowajua kwa sura za kwenye karatasi. Kifua cha yule mdogo kinaendeleaje? Msimlaze karibu na dirisha. Wewe ulikuwa na kifua hichohicho, na aliyekuwa akiamka kukugeuza ubavu namjua.

Sisi huku hatujambo, kwa kiwango cha watu waliozoea. Baba anakula, analala, anauliza habari zako. Hewa ikibadilika nyonga humtesa, basi namwekea mto mmoja mgongoni, mmoja chini ya goti, na ukisahau wa goti utasikia. Mimi magoti yangu yameanza kudai. Nayaambia yapange foleni.

Uliuliza kazi. Kazi ipo, haijawahi kukosekana kwa anayeitaka. Banda la vifaa nimelipanua, sasa lina viatu jozi hamsini za kukodisha, kofia ngumu, kamba zilizokaguliwa, na juu yake vyumba vitatu vya wageni vyenye madirisha ya kuutazama mlima. Nilianza na madumu mawili ya maji na mgongo wangu. Unakumbuka walivyokuwa wakicheka, eti mwanamke gani huyu anashindana na wapagazi. Waliocheka leo wananiletea wageni wao wavishwe viatu. Na mlima wenyewe haujabadilika. Vilele vile vitatu vya mawe ya itale bado vimesimama hatua chache kutoka baharini kama vile vilitoka majini vikasahau kurudi, na mgeni akifika juu ya Kiti, kile kilele chepesi, akaona maji yametanda chini yake hadi mwisho wa macho, hukaa chini kidogo, halafu hutoa simu. Uzuri huo umenilisha. Siwezi kuutukana.

Sasa nije kwenye mambo yako matatu. Umetaka niwapandishe wageni thelathini hadi kilele cha Jino siku ya kuzindua Njia ya Mbuzimawe, iliyopewa jina la utani walilokupa magazetini, la yule swala wa majabalini. Umetaka Baba ateremshwe aketi mstari wa mbele. Na umetaka nyundo ya Baba, iwekwe ndani ya kioo penye mapokezi ya hoteli mpya.

Nianze na lililo jepesi. Thelathini hawapandi. Ule ufa ulio chini ya Jino hupitisha mtu mmojammoja, tena akijikwaruza, na wageni wa shughuli kama hizo huja na viatu vya kung'aa. Ukiwaingiza thelathini asubuhi, wa mwisho atakuwa bado ananing'inia ukungu ukianza kupanda kutoka baharini. Kumi na wawili, kamba mbili, basi. Hiyo si chuki, ni hesabu ya kugawanya. Waliobaki wapige picha kwenye Kiti, hakuna atakayejua tofauti.

Habari za jina la njia zilienea mtaani hata kabla ya barua yako. Fundi viatu wangu, yule mwenye mdomo, alipozisikia alisema kama ni hivyo basi na choo cha sokoni kiitwe jina lake, maana naye aliwahi kukikimbilia akafika salama. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Wakati huo nilikuwa sijajua ninachokijua sasa. Siku hizi akirudia utani wake natoka nje.

La nyundo. Nimesoma yale maelezo yatakayowekwa chini ya kioo, kwamba ni nyundo ya kupigilia vyuma vya kupandia. Aliyeandika hivyo simlaumu, lakini wewe uliyaona ukayapitisha. Vyuma vilipigiliwa kwa nyundo kubwa iliyobaki kibandani. Hii ndogo ni ya kugonga. Baba alitufundisha kabla hatujajua kufunga kamba: ukungu ukishuka, sauti ya mtu hupotea, ukiita huku inasikika kule, lakini mwamba haudanganyi. Wa nyuma hugonga mara tatu. Wa mbele husimama, huweka kiganja juu ya jiwe, hujibu mara mbili. Ndipo wa nyuma asogee. Asiyejibiwa hasogei, hata kama ni mfalme. Tulikuwa tukiucheza mchezo huo kwenye sakafu ya jikoni kwa vijiko, mimi na wewe, Mama akitufukuza kwa ufagio.

Na ndivyo tunavyoishi humu ndani tangu Baba alipovunjika. Kitanda chake kimeegemea ukuta wa jikoni. Akitaka maji, akitaka kugeuzwa, akitaka tu kujua kama nyumba ina mtu, hugonga ukutani mara tatu kwa kile kinyundo. Mimi nachukua kijiko, najibu mara mbili, ndipo anatulia. Hata kama sitaweza kwenda mara moja, najibu. Jirani zetu wamezoea. Mgeni mmoja wa ghorofani aliwahi kuniuliza kama tunajenga.

Basi jioni ile barua yako ilipofika nilikuwa nimetoka Jino na mizigo ya watu, mabega yanawaka. Nikamsomea Baba. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema pale pa njia kupewa jina, pasome tena polepole. Nikasoma polepole. Akanituma nilete kitambaa na mafuta ya kung'arishia, akaanza kuisugua nyundo huku akicheka peke yake, akisema mwanangu anarudi kwa mlango mkubwa. Mwanangu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na bakuli la maji ya kumwosha. Nikaliweka bakuli chini. Nikaenda jikoni, nikainjika sufuria.

Akagonga mara tatu.

Nilisikia. Kijiko nilikuwa nacho mkononi. Nikajisemea, leo ajibiwe na huyo anayerudi kwa mlango mkubwa. Akagonga tena. Nikakoroga sufuria. Aligonga mara ya tatu, lakini si kama anavyogonga siku zote, aligonga ovyoovyo kama mtu anayebomoa, kisha nikamsikia akiita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nizaliwe. Aliniuliza kama hata mimi ninamsikia na kunyamaza.

Hata mimi. Nilirudia maneno hayo mara mbili kabla sijayaelewa.

Nilipoingia alikuwa ameshika shuka kwa mikono yote miwili. Alisema alikuwa amesinzia, ameota, niendelee kupika. Nikazima moto, nikaketi. Unamjua Baba, haombwi akasema. Lakini unanijua na mimi, sina haraka. Sufuria ilipoa, naye akaanza kusema, akitazama dari.

Amesema siku ile aliyovunjika mlikuwa mmekwenda kubadilisha kamba ya juu, nyinyi wawili tu. Wewe ulikuwa mbele mkishuka, umeshapita ufa, ukungu ukafunika. Akagonga mara tatu. Akaweka kiganja. Hakusikia jibu, ila alisikia viatu vyako kwenye vyuma, maana kila chuma kikikanyagwa huimba ndani ya jiwe. Vikasimama. Akajua umesikia. Akagonga tena. Vikaanza kwenda, vikienda chini, upesi, mpaka visisikike. Anasema hakukasirika. Alijiambia mtoto ameingiwa na hofu, atafika chini, hofu itamtoka, atarudi hadi ufani ajibu. Akasubiri, kwa sababu asiyejibiwa hasogei. Yeye ndiye aliyetunga sheria hiyo, ataivunjaje? Giza likaingia, amesimama. Upepo wa bahari ukamla miguu mpaka asiisikie, na alipojaribu kubadilisha wa kushoto na wa kulia, ndipo akateleza.

Mdogo wangu, mimi hesabu ni chakula changu. Sijawahi kununua kamba bila kupima mara mbili. Lakini hesabu ya siku ile sikuwahi kuipiga, kwa kuwa ni wewe uliyenipa jibu, nami nikalipokea bila kuuliza umelipataje. Wewe ulifika nyumbani nikiwa naanua nguo, jua bado lipo juu ya paa la banda. Ulisema Baba ameteleza. Nguo zilinidondoka. Na Baba aliteleza gizani.

Ulipotuambia ameanguka, alikuwa amesimama. Alikuwa mzima, na nyonga zake zote mbili, anagonga.

Na wanaume wa mtaa walipotoka na taa, walikwenda wapi? Walikwenda chini ya genge, wanakotafutwa walioanguka, kwa sababu wewe ulisema ameanguka. Nilikuwa nao. Niliwashikia taa wakipekua vichaka, wewe umefunikwa blanketi nyumbani, wanawake wanakupoza. Hakuna hata mmoja wetu aliyepanda hadi ufani akagonga. Jibu moja tu la mara mbili, na Baba angeshuka kwa miguu yake.

Tulimkuta kulipokucha. Yeye ndiye aliyesema kwa watu kwamba aliteleza mapema akakutuma mbio. Watu wakakusifu kijana aliyeshuka Jino peke yake ndani ya ukungu. Magazeti yakakuita Mbuzimawe, kampuni ikakuita ofisini, ukaenda. Nami nikabaki na mito miwili, mmoja wa mgongo na mmoja wa goti.

Baba amenisihi nisiwaambie watu. Amesema ulikuwa mtoto. Nikamwambia mtoto gani huyo mwenye ndevu. Akasema hata mwenye ndevu huogopa, na kwamba hofu yako aliisamehe kabla hajafika chini ya genge. Huenda ndivyo baba walivyo. Mimi si baba yako. Hofu nami ningeisamehe, nimeshawashusha wanaume wazima wakilia wakinishika shati. Ila kuna miaka yote iliyofuata, ukimwandikia kila sikukuu ya kuzaliwa kwake ukurasa mmoja, ukimwita shujaa wako, hukuwahi kuja kuketi karibu na ukuta ule. Nilidhani ni kazi nyingi. Nilikutetea kwa fundi viatu, hebu fikiria.

Basi sikiliza. Nimemwahidi Baba sitawaambia watu, na wewe si watu, wewe ni mdogo wangu. Nyundo haiji kwa posta. Njoo siku moja kabla ya shughuli, peke yako, bila wapiga picha. Nitakupikia, utakula, utaketi jikoni kwenye kile kigoda cha ukutani. Kijiko kitakuwa mezani. Baba atagonga, kwa maana haipiti jioni asigonge. Mimi nitakuwa uani, mikono ndani ya beseni la kufulia, na sitajibu.

Ukijibu, ingia chumbani ukaichukue nyundo mikononi mwake, mwandike chini ya kioo kazi yake halisi, nami nitaketi karibu na Baba mstari wa mbele nipige makofi kama dada wa mtu. Usipojibu, nitafuta povu mikononi, nitaingia nijibu mimi, kama siku zote. Nawe utapitia mlango uleule mdogo ulioingilia, na njia yenu itazinduliwa bila Baba, bila nyundo na bila mimi. Watu watauliza kwa nini. Nitawaambia wakuulize wewe.

Nisalimie wifi, mwambie koti alilonitumia linanitosha mabegani, ila mikono ni mifupi. Wabusu watoto. Wakikua walete wapande Kiti, hakuna hatari, nitawashika mimi mwenyewe. Fundi viatu naye anakusalimu, hajui lolote.

Ningeendelea, lakini Baba anagonga. Ngoja nijibu.

Ni mimi, dada yako uliyecheza naye vijiko.