Tepu Niliyosahau Kubandika

Jumatatu, Dengfeng

Sikumwambia. Jana nzima, uwanjani mpaka ndani ya gari, sikumwambia.

Mzee Liang wa ghorofa ya juu ndiye aliyenifundisha kurusha roketi ndogo za kujitengenezea. Mota yake ni ya kujazwa upya, na juu yake kuna kikombe kidogo cha baruti ya kusukuma parashuti itoke. Jana kikombe hicho kilikuwa kazi yangu: kutia baruti, kufunika, kubandika tepu ili isimwagike. Nilikuwa nimeshaweka kifuniko, wakala wa bandari ya Huangpu akapiga simu kuhusu kontena langu. Nilipomaliza kubishana naye nikamkabidhi mzee mota. Tepu sikubandika.

Roketi ilipanda vizuri mno. Parashuti haikutoka. Kazi yake ya miezi minane ikajikita matopeni, na mimi nikajua papo hapo kwamba baruti ilikuwa imemwagika.

"Nimekunja parashuti vibaya," mzee alisema. "Macho yangu yamekwisha."

Nikamwambia, "Pole, mzee." Pole!

Leo asubuhi nilipanda ngazi, nikamweleza yote, simu na tepu. Alinisikiliza akiwa mlangoni, kisha akasogea ili nione ndani. Meza yake ya kazi ilikuwa tupu.

"Vifaa nilivigawa jana jioni," alisema. "Nilidhani ni mimi niliyekosea."

Nilitaka anifokee. Alinikaribisha chai, nami nikakaa nikainywa.