Muhuri wa Barua ya Mwisho

Sumbawanga,
9 Juni 1974

Dada Fransiska,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa hapo hapo jikoni anakusikiliza. Mimi mzima, ila baridi ya mwezi huu inatutia adabu. Wanafunzi wangu wanaandika kwa mkono mmoja, mwingine uko kwapani.

Umenicheka miaka yote kwa mambo yangu ya stempu, basi cheka tena. Ndugu Ambakisye, yule Mnyakyusa wa posta, amenifungua macho. Anasema nimekuwa nikikusanya maganda na kutupa karanga! Stempu inakuambia nchi tu. Muhuri uliogongwa juu yake ndio unaokuambia mji na siku. Kwa hiyo bahasha haibanduliwi kitu, inawekwa nzima kama ilivyofika. Nimeanza daftari la historia ya posta hapa Ufipa: barua zilipita wapi, nani alizibeba, zilichukua siku ngapi.

Naomba zile bahasha za baba za kutoka Kitwe, kule kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Nataka kujua barua ilichukua siku ngapi kutoka migodini mpaka misheni. Nitazirudisha zote. Mpe baba mdogo Leonardi akija mjini.

Mdogo wako,
Ignasi


Msanzi,
30 Juni 1974

Mdogo wangu Ignasi,

Marahaba. Mama amepokea shikamoo yake, akalalamika kwamba hujasema kama unakula. Je, unakula? Sisi ulezi tumevuna vizuri, ila hatujui tuuweke wapi. Viongozi wamesema kabla ya mvua kila mtu awe amehamia kijiji kipya cha barabarani, na nyumba za zamani zitabomolewa. Mama hasemi neno juu ya shamba wala kihenge. Anauliza jambo moja tu: "Modesti akirudi, ataulizia wapi?" Miaka ishirini na mitatu tangu baba aondoke, na bado anauliza hivyo! Nimechoka kumjibu, mdogo wangu.

Nimempa baba mdogo bahasha tatu. Mama alizishika kwanza, akazinusa, ndipo akaziachia. Amesema kama bahasha zina maneno, Ignasi aziulize na swali lake yeye. Unajua kila Novemba, Siku ya Marehemu Wote, tunaandika majina ya wafu wetu kwenye karatasi na kumpelekea padre. Kila mwaka nikifika kwa baba, mama ananishika mkono. Tukimwandika naye yu hai, tumemzika mzima mzima. Tusipomwandika naye amekufa, hana wa kumwombea. Mwaka huu kifua kinambana sana, na anasema hataki kufa kabla hajajua.

Dada yako,
Fransiska


Sumbawanga,
14 Julai 1974

Dada,

Shikamoo. Kifua cha mama kinaendeleaje? Mwambie ninakula, tena maharage kila siku. Mengine yaliyomo humu yasome peke yako kwanza.

Bahasha zote tatu, ya 1952, ya 1953 na ya 1954, zina muhuri wa Abercorn. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia cha Ambakisye, naye akatazama, akanirudishia. Abercorn, dada! Mbala ya sasa! Ndani baba ameandika yuko Kitwe na kazi ya mgodi ni nzuri, kumbe barua inatoka hapo hapo mpakani, mahali ambapo baba mdogo huenda kwa baiskeli kuuza maharage, akalala siku moja akarudi. Na mwaka 61 tuliuza ng'ombe ili huyo huyo baba mdogo aende kumtafuta Kitwe! Maskini, alizunguka migodi yote akimuulizia mtu ambaye huenda hakukanyaga huko.

Nimekasirika hata wiki hii sikufundisha vizuri. Lakini barua zilikuwa saba. Ile ya mwisho, ya 1958, ndiyo itakayotuambia alikoishia. Nitumie bahasha nne zilizobaki, upesi, na usibandue kitu.

Mdogo wako,
Ignasi


Msanzi,
4 Agosti 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakohoa usiku, mchana ana nafuu kidogo. Sijamsomea barua yako. Nililia peke yangu, nikanawa uso, nikamwambia ni moshi.

Bahasha nyingine hazipo. We Ignasi, umesahau kweli? Ulirudi likizo kutoka bweni la misheni na ile albamu aliyokupa padre, huna la kuweka ndani. Ukachagua bahasha nne zenye stempu nzuri zaidi, ukazilowesha kwenye bakuli mpaka stempu zikabanduka. Karatasi zilikuwa uji mtupu. Zilipokauka tukawashia moto.

Barua zenyewe ninazo, lakini zote juu ameandika Kitwe, hazitusaidii. Sikulaumu, ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Itazame albamu yako vizuri, huenda kuna kilichobaki.

Dada yako,
Fransiska


Sumbawanga,
22 Septemba 1974

Dada Fransiska,

Shikamoo. Mungu awape afya. Salamu nyingine sina.

Nilitazama. Stempu ya 1958 ipo, ya kichwa cha Malkia, haina hata jino moja lililokatika. Nilikuwa fundi. Pembeni kuna kipande cha muhuri, upana wa ukucha, chenye tarakimu za mwaka tu. Jina la mji lilikuwa kwenye karatasi. Na zile tatu nyingine ni hivyo hivyo.

Nikaenda Mbala. Niliuliza siku tatu, nikapelekwa kwa mzee Fransisko, aliyefanya kazi ya kuua nzige pamoja na baba. Alimkumbuka pale pale: Modesti Mfipa, mwenye kukohoa. Daktari wa migodi alimkataa kwa ajili ya kifua, akaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu, akabaki hapo. Kila Krismasi alisema mwakani atakwenda kwa watoto. Mwaka 1957 alipanda lori kutafuta kazi nyingine. Wapi, mzee hajui. Aliponiona nimeinama akanituliza: "Usihofu. Baba yako alikuwa mtu wa kuandika. Huko alikofika lazima aliwaandikia. Tazameni muhuri."

Muhuri, dada! Ni mimi niliyempoteza baba, kwa bakuli la maji. Mwambie mama nimeshindwa. Mengine chagua wewe.

Mdogo wako,
Ignasi


Kijiji kipya, Msanzi,
13 Oktoba 1974

Mdogo wangu Ignasi,

Marahaba, na pole kwa safari. Tumehamia. Nyumba ilibomolewa Jumanne. Mama alikaa juu ya kinu akitazama mpaka wakamaliza.

Nilimsomea barua zako zote, maana kumdanganya sijui. Kuhusu Mbala alisema tu, "Kumbe alikuwa karibu," akarudia mara mbili. Nilipofika kwenye bakuli nilitaka kuruka, akaniambia soma. Halafu akasema: "Mwandikie Ignasi kwamba yale maji niliyapasha mimi. Alikuwa anaona wenzake wana baba. Nikasema na yeye apate kitu cha baba yake cha kuchezea. Tena bakuli nilimshikia mimi." Ndipo akalia, nami nikalia, hata jirani mpya akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Karatasi ya marehemu inatakiwa mwisho wa mwezi huu. Mama hataki niandike jina la baba, wala hataki nimruke. Anaomba umpe ile stempu ya Malkia, aibandike mahali pa jina. Anasema sisi muhuri umetushinda, lakini Mungu atausoma. Fanya upesi, Ignasi. Sasa analala amekaa, akilala chali hapumui.

Dada yako,
Fransiska


Sumbawanga,
20 Oktoba 1974

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo.

Bahasha hii Ambakisye ataigonga mwenyewe, taratibu, ili mji na tarehe visomeke vyote. Msiitupe.

Stempu imo ndani. Nilikuwa nimeigandisha kwenye albamu kwa gundi, na gundi ile inataka maji ya uvuguvugu. Niliyaweka jikoni, yakapata moto, nikayamwaga. Nimekata ukurasa mzima kwa mkasi. Mama abandike hivyo hivyo.

Mdogo wako, mwanao,
Ignasi