Haijasoma, Bonyeza Tena

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua mwavuli wangu wa kuuzia laini za simu saa mbili. Foleni ya malori ya mpakani imefika hadi huku chini. Ng'ambo ya barabara Sekela, wakala wa kampuni pinzani, kawasha spika na anagawa fulana kwa kila laini. Wateja wangu wote wamehamia kwake. Mmoja kanirudishia laini, eti amekaa sebuleni kwake hapa Tunduma anapokea ujumbe wa kumkaribisha Zambia. Sasa mimi nifanyeje.

Msimamizi kasema nisipofikisha tageti ndani ya wiki hizi mbili, mwavuli anapewa mwingine.

Mchana kaja Bibi Namonje kutoka Ndalambo. Anataka laini ya kuongea na binti yake aliyeolewa Nakonde, upande wa Zambia. Vidole vyake vimelika kwa jembe. Mashine ya kusoma alama za vidole ikakataa, ikakataa, mwishowe dole gumba likasoma. Nikamwambia halijasoma, abonyeze tena. Akabonyeza. Zimetoka laini mbili kwa jina lake. Moja kaondoka nayo, ya pili nimeitia kwenye kopo bila yeye kujua. Tunaziita laini hewa. Mawakala wengi tunafanya hivyo ili tageti ifike. Sijisikii vibaya. Haya, kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Ujumbe wa kampuni: nihakiki laini yangu mwenyewe kwa kidole kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo inafungwa. Jambo dogo. Nikaweka dole gumba. Alama hazifanani. Nikafuta kwa kanga. Hazifanani. Vidole vyote kumi, wapi! Vya wateja vinasoma vizuri tu.

Laini hii haiwezi kufungwa. Baba Lusi yuko Kongo na lori. Simu yake imeibwa, anaazima za watu, na namba pekee aliyonayo kichwani ni yangu. Ikifungwa sitajua hata kama mume wangu yu hai.

Ijumaa, 7 Machi
Nimevitazama vidole juani. Dole gumba la kulia halina mstari hata mmoja. Hata kovu halipo, lile nililolipata nikimenya mihogo, niko darasa la tatu. Kovu linaondokaje?

Nikamwonyesha Sekela. Akacheka, akasema nimezidisha sabuni. Kisha akalishika dole, akaacha kucheka. Akavuka barabara akazima spika. Sijawahi kumwona akizima spika mchana.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusali. Nilikuwa nasugua kidole. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi
Vwawa, ofisi ya vitambulisho. Karani akaniambia niweke dole gumba. Akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akaigeuza nione. Picha ya Bibi Namonje. Tumejaribu mara tatu, bibi yuleyule, na kilemba chake. Karani akaniuliza kwa upole nimetumwa na nani.

Nikatoka bila kuaga. Njia nzima mkono nimeuficha ndani ya kitenge.

Jumatano, 12 Machi
Nimekwenda Ndalambo na mashine begani. Nimemkuta bibi anapukuchua mahindi. Hakushangaa kuniona. Kabla sijaketi akanifungulia kiganja. Dole gumba lake lina mistari mipya kama la msichana. Na kovu. Kovu langu la mihogo, limekaa upande uleule.

Nikapiga magoti nikamweleza yote, laini ya pili na uongo wangu. Nililia mpaka kamasi. Alinisikiliza huku anapukuchua, hakunitukana, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Nikaanza kwa kuifunga ile laini hewa. Inahitaji kidole cha Namonje. Nikaweka changu, mashine ikakubali. Kisha nikafungua uhakiki wa laini yangu, nikamsogezea yeye. Akabonyeza. Jina langu likatokea.

"Imesoma?" akauliza.

"Imesoma, bibi."

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu."

Akarudi kwenye mahindi yake.

Ijumaa, 14 Machi
Baba Lusi kapiga saa sita mchana, kwa simu ya dereva mwenzake. Mzima. Yuko njiani kurudi. Kaniuliza habari za huku, nikasema nzuri.

Tageti sijafikisha. Mwavuli unaondoka Jumatatu. Dole langu bado tupu, na kovu liko Ndalambo.

Jioni kaja mzee mmoja wa Mlowo kununua laini. Mashine ikamkataa, safari hii kweli. Nikamwambia haijasoma, abonyeze tena. Akanitazama usoni muda mrefu. Nikageuza mashine aone mwenyewe, na mkono wangu wa kulia nikauweka chini ya meza.